Birika Lililochemka Jumapili

Saa mbili na nusu ya asubuhi ya Jumanne Sajini aliingia katika ofisi ya wapima ardhi akakuta watu wamegawanyika. Upande wa dirishani walisimama Meneja, katibu wake na wapimaji wawili. Fundi wa mitambo alikuwa amejibanza nyuma ya kompyuta yake kama mtu anayejificha mvua. Upande wa pili, karibu na mlango wa jiko, mwanamke wa makamo alikaa peke yake kwenye stuli ya plastiki, aproni imemfika magotini. Ungedhani ana ndui, jinsi walivyomwachia nafasi.

"Ndiye huyo," Meneja alisema bila kumtazama. "Tunamwita Mama Vikombe. Mhudumu wetu."

"Mimi sijauliza nani ndiye," Sajini alijibu. "Nataka kujua kwanza kimepotea nini."

Ilikuwa ramani. Ramani ya mpaka, yenye muhuri wa zamani, moja tu, haina nakala. Kesho saa tatu ilitakiwa mahakamani. Jumamosi mchana Meneja aliiacha juu ya meza yake, imekunjwa vizuri na kutiwa mpira. Jumatatu asubuhi akakuta mpira umebaki, ramani haipo.

"Mlango wa mbele?"

"Una mlinzi siku zote saba. Jumapili hakupita mtu, ameandika kitabuni."

"Wa nyuma?"

"Unaingilia jikoni. Haukuvunjwa. Na funguo zake ni mbili, afande. Wangu mimi na wake yeye. Mimi Jumapili nilikuwa ukweni, watu tisa waliniona nikila." Meneja akaangalia saa yake. "Nimeshazungumza na mkuu wako. Saa sita gari la kituo linakuja kumchukua."

"Mkuu wangu kaniambia nije nichunguze."

"Ndiyo, chunguza. Mpaka saa sita. Ukinipatia mwingine, sawa. Usipompata, huyu anakwenda, na hapa kazi hana tena. Miaka kumi na tisa, kumbe tunafuga nyoka."

Mama Vikombe hakuinua macho. Sajini alivuta kiti, akakipeleka jikoni, akamwita.

Jiko lilikuwa dogo, la watu wawili wembamba. Sinki, kabati lenye kufuli, mlango wa nyuma, na kwenye meza ya saruji birika la kahawa la umeme. Chini ya birika palikuwa na sahani ya chuma, na kutoka kwenye sahani zilipanda nyaya nne hadi kwenye kiboksi chenye taa nyekundu kilichogongwa ukutani. Juu yake karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa: USIGUSE WAYA.

"Jumapili ulikuwa wapi, mama?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na mimi."

Sajini aliandika. "Tangu saa ngapi?"

"Nilirudi ibadani saa tano. Nikafunga mlango wangu. Nikaufungua Jumatatu alfajiri, nikaja kazini."

"Jirani hakukuona?"

"Chumba cha jirani ni kitupu. Alihama tangu mwezi wa pili."

"Simu haikupigwa?"

"Binti yangu hupiga mwisho wa mwezi. Mwezi bado."

"Mama, nisaidie. Kuanzia saa tano ya Jumapili mpaka Jumatatu alfajiri, nani alikuona?"

"Mwenyezi Mungu."

"Huyo siwezi kumwita kituoni."

Mama Vikombe akacheka kidogo puani, mara ya kwanza siku ile. "Basi andika hivyo hivyo, afande. Sina mwingine."

Sajini aliandika: *Jumapili alikuwa nyumbani kwake, peke yake. Hakuna shahidi.* Yeye mwenyewe Jumapili hiyo hiyo alikuwa chumbani kwake akipiga pasi sare, na mlango umefungwa. Hilo halikuwa la kuandikwa.

"Na hiki kidubwasha ni nini?"

"Hicho ni cha Waya." Alikuwa na maana ya fundi, ofisi nzima walimwita hivyo. "Zamani walikuwa wakigombana. Huyu kamaliza kahawa hakusema, yule kaja na kikombe kakuta mashapo. Ndipo Waya akatengeneza hicho. Kinapima uzito wa birika, kinapima na moto wake, halafu kinawapelekea ujumbe kwenye simu. 'Kahawa tayari, vikombe vinane.' 'Kimebaki kimoja.' Hakuna tena anayekuja bure."

"Si vizuri?"

"Ni vizuri." Mama Vikombe akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Ila zamani mtu akija kuuliza kahawa, aliuliza na hali. Umeamkaje, mama, mguu unaendeleaje. Siku hizi wanaijua kahawa hali yake wakiwa huko huko vitini."

Sajini alimtazama kidogo, kisha akatazama ile taa nyekundu. Iliwaka, ikazima. Ikawaka.

"Hupima mara ngapi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nimekatazwa hata kuifuta vumbi."

*

Waya alikuwa mtu wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Hakungoja kuulizwa mara mbili. Mizani hupima kila dakika, alisema. Kila kipimo kinaandikwa mstari mmoja: siku, saa, uzito, joto. Alitoa kwenye mashine ya kuchapa kurasa za wiki nzima, akamkabidhi.

"Hii ni mpaka Jumamosi," Sajini alisema baada ya muda. "Halafu inaruka Jumatatu."

"Jumapili naizima, afande. Ofisi imefungwa. Itapima nini?"

"Unaizimia wapi?"

"Kutoka nyumbani. Kwa simu."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Jibu lilikuja upesi, na lilikuwa limenyooka mno. Sajini alirudi na karatasi zake jikoni, akaketi, akatoa penseli. Kwa robo saa nzima alisoma tarakimu za kahawa kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake. Asubuhi birika lilijazwa kwa mara moja: dakika hii tupu, dakika inayofuata limejaa. Likapungua, likapungua, kikombe kimoja kimoja. Saa nne likajazwa tena. Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo.

Kisha akaona ukingoni mwa kila mstari namba ndogo ambayo Waya hakuieleza. Mstari wa mwisho wa Jumamosi, saa sita usiku kasoro dakika moja, ulikuwa na namba 403,200. Mstari uliofuata, wa Jumatatu, ulikuwa na namba 404,641.

Akatoa hesabu pembeni mwa karatasi. Katikati ilikosekana mistari elfu moja mia nne na arobaini. Akazidisha ishirini na nne mara sitini. Akapata elfu moja mia nne na arobaini.

Akaichukua karatasi, akaenda akaiweka mbele ya Waya, juu ya kinanda cha kompyuta.

"Wewe ni fundi, mimi ni mtu wa darasa la saba. Nieleweshe. Saa ikizimwa, mishale inatembea?"

"Hapana."

"Na mashine yako ikizimwa, inahesabu?"

Waya aliitazama ile namba.

"Siku ina dakika elfu moja mia nne na arobaini," Sajini akaendelea, kwa sauti ya chini ili wa dirishani wasisikie. "Jumapili mashine ilihesabu zote, haikuruka hata moja. Halafu mtu akaja akazing'oa. Nani mwingine anajua kuzing'oa?"

"Hakuna."

"Basi simama, tukaongee jikoni. Mama, tupishe kidogo."

Mlango ulipofungwa Waya alibaki amesimama, mgongo ukutani, karibu na kiboksi chake.

"Umechukua ramani?"

"Hapana, afande! Ramani niipeleke wapi?"

"Umeficha nini, basi? Mwenzako yuko pale nje kwenye stuli, saa sita anapandishwa gari. Una kitu kinachosema Jumapili ilipita nini humu ndani, nawe umekikalia kama kuku aliyeatamia. Kitoe."

Akatoa simu. Akakosea namba yake ya siri mara mbili. Kisha ikaonekana Jumapili, mstari kwa mstari.

Saa tisa na dakika nne alasiri, gramu mia mbili za maji ziliingia birikani. Dakika iliyofuata, mia mbili nyingine. Joto likapanda. Saa tisa na robo zikatoka mia mbili, kisha mia mbili. Birika likabaki tupu kwa dakika hamsini. Halafu saa kumi na dakika tano, jambo ambalo Sajini hakulitegemea: gramu mia moja na tisini zikaingia tena, na joto la birika likashuka. Likapashwa upya. Zikatoka. Birika likainuliwa, likarudi, tupu na maji maji, kama lililooshwa.

"Hii ya saa kumi ni nini?"

"Kikombe kimoja kimerudishwa," Waya alisema. "Kimekwisha poa. Huwa hivyo."

"Huwa?"

Nje katibu alicheka na simu.

"Hii ni Jumapili ya arobaini na moja, afande. Alikosa mbili tu, zile za mvua kubwa. Kila Jumapili viwili vinamiminwa. Kimoja kinarudi."

"Ni nani?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui. Sikutaka kujua."

"Kwa nini hukusema?"

Waya alijibu akiwa anaitazama sakafu. "Ujumbe wa Jumapili unakuja kwangu tu. Wengine niliwafungia wasisumbuliwe. Simu yangu, afande, ikifika Jumamosi mchana imemaliza kazi. Hailii. Ila Jumapili saa tisa na robo inalia. 'Kahawa tayari, vikombe viwili.' Nami huinjika yangu." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nikisema, Meneja atabadilisha kufuli kesho yake."

"Kwa hiyo mama wa watu aende ndani, ili simu yako ilie."

"Nilidhani watamwachia. Hana kosa, nilijua watamwachia."

"Ulijua hana kosa?"

Waya alianza kukifuta kiboksi chake vumbi kwa kidole.

Sajini alimwacha asimame hivyo muda wa kutosha. Kama ni yeye aliyeingia, aliwaza, angeanza kwa kuliondoa birika juu ya mizani. Mwenye mtego hajinasi. Hapana. Waya alikuwa mwoga, lakini mwizi hakuwa.

"Mwite mama."

Mama Vikombe akaja.

"Nipikie kahawa, mama. Kama siku zote. Usibadilishe kitu."

Alitoa ufunguo mdogo uliofungwa kwenye ukosi wa aproni, akafungua kabati, akatoa jagi la bati lililobonyea pembeni. Akalijaza kwenye bomba, akalimimina lote birikani kwa mkupuo mmoja. Kwenye simu ya Waya mstari ukaruka kutoka tupu hadi kujaa.

"Ukitaka vikombe viwili tu unapimaje?"

"Jagi hili hili, afande. Nimelichora alama kwa ndani kwa msumari. Sijawahi kupimia kikombe tangu nizaliwe, utadhani natwanga dawa."

"Na jagi linakaa wapi?"

"Humo kabatini. Nikiliacha nje wapimaji wanaoshea viatu vya shambani. Ufunguo ni huu mmoja, nalala nao."

Sajini akamgeukia Waya. "Umeona? Wa Jumapili alipima kwa kikombe. Kimoja, kisha kingine. Ana ufunguo wa mlango, wa kabati hana. Huyu mama ana vyote viwili. Unadhani angejisumbua?"

Mama Vikombe aliwatazama kwa zamu. "Wa Jumapili nani?"

"Ndiye ninayemtafuta. Sasa ni saa ngapi?"

"Nne na nusu," Waya alisema.

*

Kitabu cha funguo kilikuwa kwenye droo ya katibu, chini ya majarida ya mitindo. Katibu alikitoa akilalamika kwamba hakijafunguliwa tangu aje. Meneja naye alikuwa na mwaka na nusu tu pale. Kila cha kabla yake alikiita "mambo ya wazee".

Sajini alipitisha kidole. Mlango wa nyuma: funguo tatu. Siyo mbili. Wa kwanza, Meneja. Wa pili, mhudumu. Wa tatu, kwa wino mwingine: *umepotea*. Tarehe ilikuwa ya miaka miwili nyuma, mwishoni mwa mwezi wa sita.

Ufunguo hupotea, hilo si ajabu. Lakini alirudi mistari mitatu juu, tarehe ile ile: *Mchoraji ramani mkuu, anastaafu. Amerudisha: kabati, droo, stoo.*

"Mama Vikombe," aliita kutoka pale pale, na vichwa vyote vikageuka. "Mchoraji aliyestaafu mwaka wa juzi, unamkumbuka?"

"Mzee Rula? Nitamsahauje? Alikaa pale." Akaonyesha kona yenye mashine kubwa ya kuchapa, iliyokalia meza pana ya mbao. "Yule na mwenzake wa meza walikuwa kama kidole na kucha. Mwenzake alitangulia mbele ya haki, na Mzee akastaafu mwezi ule ule."

"Anakaa wapi?"

"Nyuma ya ghala la mbao. Mlango wa kijani."

"Afande," Meneja aliingilia, "unaacha mtu mwenye ufunguo unakimbilia mzee aliyestaafu? Saa tano hii."

"Kasoro dakika kumi," Sajini alisema, akatoka.

*

Mlango wa kijani ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili. Mzee Rula alikuwa mrefu, amevaa koti ndani ya nyumba, kalamu tatu mfukoni zimepangwa kwa urefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Polisi. Basi leo nimepata mgeni mzito. Karibu, kiti hicho kina nguo, ngoja nitoe."

Chumba kilikuwa kimepigwa deki. Kitanda, meza, viti viwili, cha pili kimefanywa kabati. Ukutani hapakuwa na picha ila kalenda, na kwenye kalenda Jumapili zote zilikuwa zimepigiwa mstari kwa rula.

Sajini hakuzunguka mbuyu. "Mzee, Jumapili saa tisa na dakika nne ulikuwa unatia maji birikani."

Mzee Rula alikaa polepole. "Dakika nne? Mimi nilidhani ni saa tisa kamili. Miguu imeanza kuchelewa." Akamtazama. "Mlinzi aliniona?"

"Hapana. Birika."

"Birika?"

"Lina mizani chini yake. Linaandika."

"Ile sahani nilidhani ni ya kupashia," alisema, akatikisa kichwa. "Dunia hii. Hata birika lina umbeya."

"Cha pili kilikuwa cha nani?"

"Cha mwenzangu." Akainua mkono haraka. "Usinitazame hivyo, sijarukwa na akili. Nilimzika mimi. Nilishika jeneza upande wa kulia. Lakini miaka ishirini na mbili nimemimina viwili, na mkono si mtoto umwambie acha. Naketi pale, nasoma gazeti, nakizungumzia. Kikipoa nakirudisha, nakipasha, nakinywa. Kumwaga kahawa ni dhambi."

"Ramani ya mpaka umeipeleka wapi?"

"Ipi?"

"Iliyokuwa juu ya meza ya Meneja, imekunjwa, ina mpira."

Hapo uso wa mzee ukabadilika; haukuwa na hofu, ulikuwa na hasira. "Hiyo! Nani aliyeikunja? Ile karatasi ni ya miaka hamsini, mwanangu, inakunjwa kama mkeka na kutiwa mpira! Inakatika hiyo, wino unapasuka kwenye mikunjo. Nimeilaza."

"Umeilaza wapi?"

"Inapolazwa. Meza yangu ina ubao wa juu unaotelezeshwa. Chini yake ndiko tunakolaza ramani zilizojikunja, siku tatu, nne, mpaka zinyooke. Kila mchoraji anajua."

"Hakuna mchoraji tena, mzee. Wanatumia kompyuta. Juu ya meza yako wameweka mashine ya kuchapa. Hakuna anayejua kama ubao unatelezeka."

Mzee Rula akazipanga upya kalamu zake mfukoni.

"Wanasema imeibwa," Sajini akaendelea. "Na aliyeshikwa ni Mama Vikombe. Saa sita anachukuliwa."

"Yule mama? Kwa nini yeye?"

"Funguo ni mbili. Meneja alikuwa na watu tisa. Yeye Jumapili alikuwa peke yake."

Nje msumeno wa ghalani ulilia, ukakata, ukanyamaza.

"Nikikwambia mahali ilipo, si utaitoa tu, yakaisha?"

"Nikiitoa mimi, Meneja atasema Mama Vikombe ndiye aliyeificha. Atauliza nani mwingine. Itabidi mtu aseme alikuwa mle ndani. Siwezi kukulazimisha, mzee. Kitabu kinasema ufunguo ulipotea, na mashine haikuona sura."

"Na nikisema, ufunguo hautabaki kwangu."

"Hautabaki."

Mzee Rula aliinuka. Hakutazama kalenda, hakutazama kitu. Alikwenda mlangoni, akatungua ufunguo kwenye msumari nyuma ya koti la mvua, akaufuta kwa kitambaa ingawa ulikuwa safi.

"Natembea polepole," alisema. "Twende sasa hivi, tusije tukachelewa."

*

Gari la kituo lilikuwa limeshafika, injini inanguruma mlangoni. Mama Vikombe alikuwa amevua aproni, ameikunja mara nne, ameiweka juu ya stuli, na ufunguo wa kabati juu yake. Askari kijana alisimama pembeni akimngojea kwa aibu.

"Subiri," Sajini alimwambia.

Mzee Rula hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona yake, akatazama mashine iliyokalia meza kwa uso wa mtu aliyekuta mbuzi kitandani. "Inueni hiki."

Wapimaji wawili wakainua. Mzee akaingiza vidole chini ya ukingo wa mbao, akavuta. Ubao ukateleza bila kelele. Ramani ya mpaka ililala humo, imenyooka kama maji ya mtungini, karatasi mbili nyeupe juu na chini yake.

"Alhamdu—" Meneja alianza, kisha akaruka, akaitwaa kwa mikono miwili. "Ndiyo yenyewe! Muhuri huu hapa! Katibu, piga simu kwa wakili!"

"Usiikunje," mzee alisema.

"Sawa, sawa. Nani aliiweka huku?"

"Mimi. Jumapili, saa kumi kasoro. Nimekuwa nikiingia humu kila Jumapili tangu nistaafu." Akaweka ufunguo juu ya meza. Meneja aliuokota bila kuuangalia, akautia mfukoni.

"Na fundi wako ana la kusema," Sajini aliongeza.

Waya alisimama. Alisema yote, kwa sauti ya chini, na safari hii hakukatisha hata mstari. Alipofika pale alipofuta, aligeuka akamwelekea Mama Vikombe. "Mama, nilijua si wewe tangu jana asubuhi."

Mama Vikombe alimwangalia hadi akaketi mwenyewe.

Mzee Rula akamsogelea, kofia mkononi. "Mama, nisamehe. Kahawa nimekunywa mimi, umeungua wewe."

"Mzee, ungeniambia tu. Ningekuachia jagi."

Meneja alishamaliza na wakili. Alikuwa anatabasamu kwa kila mtu, hata askari kijana. "Haya, mama, yamekwisha! Hakuna neno. Hebu tupikie kahawa, tumechoka wote."

Mama Vikombe hakugusa aproni.

"Afande," alisema, "ile karatasi yangu ya asubuhi unayo?"

"Ninayo."

"Nisomee."

Sajini alifungua daftari. "'Jumapili alikuwa nyumbani kwake, peke yake. Hakuna shahidi.'"

"Ongeza."

Sajini akaandika, akisoma kwa sauti kila neno: "'Maelezo haya nimeyachunguza. Ni ya kweli.'"

"Mama, si nimesema yamekwisha?" Meneja alisema.

"Umesema wewe." Akavuta stuli karibu na meza, akakaa, akanyoosha mkono apewe kalamu. Sajini alisita, ncha ya penseli juu ya mstari wa kwanza.

"Ukitaka, hili la 'peke yake' naweza kulifuta. Halihitajiki tena."

Mama Vikombe alilitafuta lile neno kwa kidole mpaka akaliona.

"Liache, afande. Si kosa."

Kisha akasaini, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka ya mtu yeyote.